John Howard: Mtafiti Aliyezifuata Hukumu Hadi Mlango wa Gereza

Utangulizi

Mahakama inapotamka kwamba mshtakiwa hana hatia, wengi wetu huamini kuwa haki imetendeka na kesi imekwisha. Katika Uingereza ya karne ya 18 mambo hayakuwa hivyo. Mtu aliweza kusimama kizimbani, akasikilizwa, akaachiliwa huru mbele ya umati, kisha akarudishwa katika gereza lile lile alimotoka na kufungiwa tena. Sababu ilikuwa moja tu: hakuwa na fedha za kumlipa bwana jela ada ya kumfungulia mlango.

Aliyeugundua uovu huu, akaufanyia utafiti na kuuanika hadharani hakuwa jaji wala wakili. Hakuwa hata msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mwenye mashamba wa mkoani, mtu mkimya, mcha Mungu na mwenye afya dhaifu, aliyeitwa John Howard. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa nia ya kuonyesha jambo moja: kwamba haki haiishii katika maneno ya hukumu, na kwamba atakaye kujua kama haki imetendeka sharti aifuate hukumu hiyo hadi mahali inapotekelezwa, aone kwa macho yake, apime na aandike.

Malezi na Ujana

Howard alizaliwa London mwaka 1726. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa samani na mazulia aliyejipatia utajiri katika eneo la Smithfield. Mama yake alifariki yeye angali mtoto mdogo, naye akapelekwa kulelewa katika kijiji cha Cardington, Bedfordshire, ambako baba yake alikuwa na mali. Shuleni hakung'ara, na inajulikana kwamba hata utu uzimani hakuwa mwandishi hodari wa lugha yake mwenyewe. Jambo hili litakuja kuwa na maana baadaye, kwa kuwa kitabu kilichompa jina kilihitaji msaada wa rafiki zake ili kisomeke vyema.

Baba yake alimtia kazini kwa mfanyabiashara wa vyakula ili ajifunze biashara. Mzee huyo alipofariki mwaka 1742, kijana alirithi mali ya kutosha, akaiacha kazi hiyo na kwenda kuzuru nchi za Ulaya. Aliporudi aliugua kwa muda mrefu, akauguzwa na mwanamke mjane mwenye nyumba aliyokuwa amepanga, aliyemzidi umri kwa miaka ipatayo 30. Alipopona alimwoa mwanamke huyo kama njia ya kumlipa fadhila. Ndoa yao haikudumu, kwani mkewe alifariki mwaka 1755.

Mfungwa kwa Siku Chache

Tarehe 1 Novemba 1755 mji wa Lisbon, Ureno, uliharibiwa na tetemeko kubwa la ardhi. Howard, akiwa amefiwa na bila wa kumfunga nyumbani, aliabiri meli kwenda kujionea maafa hayo. Hakufika. Meli yake ilitekwa na Wafaransa, naye pamoja na wenzake wakapelekwa katika bandari ya Brest. Walikuwa wamenyimwa chakula na maji baharini. Nchi kavu walifungiwa katika chumba cha chini, wakalala juu ya majani makavu usiku kwa usiku. Baadaye Howard aliruhusiwa kurudi Uingereza kwa ahadi kwamba atabadilishwa na afisa wa Kifaransa aliyekuwa mateka huko. Alipofika kwao aliwaendea wakuu waliohusika na mateka wa baharini, akawaeleza hali ya wenzake waliobaki, na hatua zikachukuliwa kuwasaidia.

Aisifuye mvua imemnyea. Ni wazi kwamba mtu huyu hakuja kuyajua mateso ya kufungwa kutoka katika vitabu. Hata hivyo, ilipita miaka mingi kabla ya mbegu hiyo kuota. Mwaka 1756 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi mjini London, akawa anaiandikia taarifa fupi kuhusu vipimo vya joto na baridi. Hakuwa mwanasayansi mkubwa, lakini tabia ya kupima na kuandika kila alichokipima ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya mwili wake.

Mwaka 1758 alioa tena, akakaa Cardington akiwajengea wapangaji wake nyumba bora na kuwafungulia watoto wao shule. Mke huyu wa pili, Henrietta, alifariki mwaka 1765, siku chache baada ya kujifungua mtoto wa kiume, John, ambaye ndiye mtoto wake pekee.

Sherifu wa Bedfordshire

Mwaka 1773 Howard aliteuliwa kuwa sherifu wa kaunti ya Bedfordshire. Cheo hicho kilikuwa cha heshima zaidi kuliko cha kazi. Sherifu alitarajiwa kuwapokea majaji waliokuja kwa mzunguko kusikiliza kesi, kukaa nao mahakamani akiwa amevaa rasmi, na kuandaa karamu. Kisheria gereza la kaunti lilikuwa chini yake, lakini masherifu wengi waliwaachia wasaidizi jukumu hilo na wasikanyage humo kamwe. Howard alikanyaga.

Katika gereza la Bedford aliona jambo lililomshtua kuliko uchafu na minyororo. Bwana jela hakuwa na mshahara. Riziki yake yote ilitokana na ada alizowatoza wafungwa wenyewe. Mtu aliyeonekana mahakamani hana hatia, au ambaye wazee wa mahakama wameona hana kesi ya kujibu, au ambaye mlalamishi wake hakutokea kabisa, alidaiwa shilingi 15 na peni 4 za bwana jela na shilingi 2 za msaidizi wake kabla ya kutoka. Kwa kibarua wa siku zile hicho kilikuwa kiasi kikubwa. Asiyekuwa nacho alibaki ndani.

Howard aliwaendea mahakimu wa kaunti, akawaomba wamlipe bwana jela mshahara badala ya kumwacha aishi kwa ada. Mahakimu hawakukataa, lakini walitaka kwanza waonyeshwe kaunti nyingine iliyokwisha kufanya hivyo. Bila shaka walidhani kwamba jibu hilo lingemnyamazisha. Howard alipanda farasi wake, akaenda kuutafuta mfano huo katika kaunti jirani. Hakuupata. Alichokipata kila alikokwenda ni dhuluma ile ile, na mara nyingi mbaya zaidi. Hivyo ndivyo swali la watawala lililokusudiwa kuiahirisha kazi lilivyogeuka kuwa utafiti uliodumu miaka 17.

Mbinu za Utafiti Wake

Inafaa kutua hapa kidogo, kwa maana umuhimu wa Howard umo katika namna alivyofanya kazi. Wako watu kabla yake waliolalamikia magereza. Yeye alikuwa na njia tofauti. Aliingia katika kila gereza bila kutoa taarifa mapema kila ilipowezekana. Aliandika jina la bwana jela, mshahara wake kama upo, na ada anazotoza. Alipima vyumba kwa futi na inchi. Aliandika uzito wa mkate waliopewa wafungwa. Aliuliza kama kuna maji, kama kuna daktari, kama kuna kasisi, kama wanawake wametengwa na wanaume. Aliwahesabu wafungwa na kuandika tarehe ya hesabu hiyo. Kisha alirudi tena baada ya mwaka mmoja au miwili na kupima upya ili ajue kama kuna kilichobadilika.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Magereza yalijaa maradhi yaliyoitwa homa ya jela, ambayo leo tunajua kwamba ni tifasi, ugonjwa unaoenezwa na chawa. Nguo zake zilinuka kiasi kwamba hakuweza kusafiri ndani ya gari la farasi lililofungwa madirisha, ikambidi apande farasi katika mvua na baridi. Daftari lake lilishika harufu hiyo hata akalazimika kulitandaza mbele ya moto kabla ya kulitumia, na chupa yake ya siki, aliyoinusa ili kujikinga, iliharibika baada ya kuzuru magereza machache tu.

Kwa hesabu aliyoifanya mwaka 1776, watu waliofungwa katika Uingereza na Wales walikuwa 4,084. Kati yao 2,437 walikuwa wamefungwa kwa sababu ya madeni. Washtakiwa na wafungwa wa makosa makubwa walikuwa 994, na wa makosa madogo 653. Tarakimu hizi zilifichua jambo ambalo hapana aliyekuwa amelitazama: zaidi ya nusu ya waliojaa magerezani hawakuwa wahalifu bali maskini walioshindwa kulipa, na wengi wao walikuwa wamefungwa pamoja na wake na watoto wao.

Aligundua pia namna faida ya bwana jela ilivyozaa mateso. Kwa kuwa serikali ilitoza kodi ya madirisha, na bwana jela ndiye aliyeilipa, madirisha yalizibwa na wafungwa wakakosa hewa. Kwa kuwa bwana jela aliuza pombe, ulevi ulihimizwa. Mfungwa aliyetaka kupunguziwa uzito wa minyororo alilipia nafuu hiyo. Hata wafungwa wenyewe walimtoza mgeni fedha za kumkaribisha, na asiyekuwa nazo alivuliwa nguo. Howard hakuona kwamba mabwana jela wote walikuwa watu wabaya. Aliona kwamba mpango wenyewe ulikuwa umewekwa hivi kwamba huruma iligeuka kuwa hasara.

Kuhusu mahakama, alionyesha jinsi ucheleweshaji ulivyokuwa adhabu kabla ya hukumu. Katika kaunti nyingi majaji walifika mara mbili kwa mwaka, na kwingine mara moja tu. Mjini Hull vikao viliwahi kufanyika mara moja katika kila miaka saba. Huko mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji alikaa mahabusu takriban miaka mitatu. Shahidi mkuu akafa kabla ya kesi kusikilizwa, na mshtakiwa akaachiliwa. Ucheleweshaji huo haukumtendea haki yeyote: si mshtakiwa, wala si aliyeuawa.

Akawakumbusha wakubwa, tena, kwamba kuta za gereza haziwakingi walio nje. Mwaka 1577 mjini Oxford, wafungwa walioletwa mahakamani waliambukiza homa, wakafa majaji, sherifu na watu wengi wa mji. Mwaka 1750 yakatokea kama hayo katika mahakama ya Old Bailey mjini London, na Meya mwenyewe akawa miongoni mwa waliokufa. Kwa maoni ya Howard, homa hiyo ilikuwa ikiua wafungwa wengi kuliko kitanzi.

Mbele ya Bunge na Nje ya Uingereza

Mwezi Machi 1774 Howard aliitwa kutoa ushahidi mbele ya Bunge. Wabunge walimsikiliza, wakamshukuru rasmi. Mwaka huo huo zilipitishwa sheria mbili zilizowasilishwa na mbunge Alexander Popham: ya kwanza ilifuta ada kwa waliopatikana hawana hatia, na ya pili ilihusu usafi na afya za wafungwa. Howard hakutosheka na kupitishwa kwa sheria. Alichapisha nakala kwa fedha zake mwenyewe, akawapelekea mabwana jela kote nchini ili pasiwe na wa kusingizia kutojua. Baadaye alizunguka tena kukagua, akakuta kwamba mahali pengi sheria hizo zilikuwa karatasi tu. Mwaka huo huo aligombea kiti cha ubunge cha Bedford, akashindwa kwa kura chache. Pengine kushindwa huko kulikuwa heri, maana kulimwacha huru kusafiri.

Kitabu chake kuhusu hali ya magereza katika Uingereza na Wales kilitoka mwaka 1777. Daktari John Aikin alimsaidia kukisarifu, nacho kikachapwa mjini Warrington. Si kitabu cha kusomwa kwa burudani. Ni orodha ya magereza moja baada ya jingine, vipimo, ada na idadi. Lakini ukavu huo ndio uliokipa nguvu. Msomaji aliweza kubishana na mhubiri anayelia. Hakuweza kubishana na upana wa chumba.

Alisafiri pia Uholanzi, Ujerumani, Uswisi, Italia, Denmark, Sweden, Urusi, Uhispania na Ureno. Mjini Paris alikataliwa kuingia katika gereza la Bastille. Mjini Ghent alivutiwa na gereza jipya ambamo wafungwa walifanya kazi mchana na kila mmoja kulala katika chumba chake usiku. Nchini Uholanzi aliona magereza safi na watu wachache waliohukumiwa kifo, akaamini kwamba kazi na uangalizi vilikuwa na faida kuliko kitanzi. Nchini Urusi, iliyosifiwa kwa kupunguza adhabu ya kifo, alishuhudia watu wakichapwa kwa mjeledi mzito wa kutisha, akaelewa kwamba adhabu yaweza kubadilishwa jina bila ya kubadilika.

Mwaka 1779 Bunge lilipitisha sheria ya kujenga magereza ya kurekebisha tabia, iliyotungwa na William Blackstone na William Eden kwa kutegemea sana utafiti wa Howard. Yeye mwenyewe aliteuliwa kuwa mmoja wa wasimamizi watatu. Wasimamizi hao hawakuafikiana hata kuhusu mahali pa kujenga. Mwenzake aliyemwunga mkono, Dkt. John Fothergill, alifariki mwishoni mwa 1780, na Howard akajiuzulu mwaka uliofuata. Magereza hayo hayakujengwa kama ilivyokusudiwa.

Safari ya Mwisho

Kuanzia mwaka 1785 Howard aliugeukia utafiti wa tauni na vituo vya karantini. Ili ajue hali ya vituo hivyo kwa ndani, alipofika Smyrna alichagua kwa makusudi meli iliyokuwa imetoka mahali penye maradhi, akijua kwamba atawekwa karantini. Akakaa siku 40 na zaidi katika kituo cha Venice. Akiwa katika safari hiyo alipokea habari mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba watu nyumbani wanachanga fedha za kumjengea sanamu, aliwaandikia waache. Ya pili ilimhusu mwanawe wa pekee, ambaye mwenendo wake ulikuwa umeharibika. Kijana huyo aliugua akili, akawekwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa mjini Leicester, na huko akafa mwaka 1799.

Wako waliomlaumu Howard kwa hili, wakisema kwamba aliyeyajali mateso ya wafungwa wa dunia nzima alikuwa baba mkali na asiyekuwapo nyumbani. Wako pia waliomtetea. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuificha sura hiyo ya maisha yake. Kazi yake ni kubwa bila ya kumfanya mtakatifu.

Mwezi Julai 1789 aliondoka Uingereza kwa mara ya mwisho, akaelekea Urusi. Mjini Kherson, ambao leo uko nchini Ukraine, alizikagua hospitali za wanajeshi, akawa anawatazama wagonjwa. Aliambukizwa homa, akafariki tarehe 20 Januari 1790, na kuzikwa nje ya mji huo. Alikuwa ameomba kaburi lake liwekewe saa ya jua tu, kisha asahaulike. Ombi hilo halikuheshimiwa. Mwaka 1796 sanamu yake iliwekwa katika Kanisa la Mtakatifu Paulo mjini London, nayo ikawa ya kwanza kusimamishwa humo. Inakadiriwa kwamba alikuwa amesafiri maili 42,000 na kutumia pauni 30,000 za mali yake.

Tathmini na Hitimisho

Je, Howard alifaulu? Ukiangalia maisha yake tu, utasema kwamba mafanikio yalikuwa haba. Sheria za 1774 hazikufuatwa ipasavyo, magereza ya 1779 hayakujengwa, na baadaye jina lake lilitumiwa kuhalalisha kifungo cha upweke wa siku zote, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ameonya mwaka 1789 kwamba upweke kamili ni mzigo usiobebeka kwa binadamu. Lakini aliacha kitu ambacho hakikuwapo kabla yake: desturi ya kuamini kwamba hali ya gereza ni jambo la kuchunguzwa na la kutolewa hesabu mbele ya umma. Mwaka 1866 chama cha kutetea marekebisho ya adhabu kilianzishwa Uingereza kwa jina lake.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili habari hizi si za mbali. Sheria na magereza ya Kenya yalijengwa juu ya msingi wa Waingereza, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ilitumiwa nao kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Neno gereza lenyewe lilitoka kwa Wareno, kwao likiwa na maana ya kanisa, na neno jela tukalipokea kutoka Kiingereza. Fasihi yetu nayo ina sauti za ndani ya kuta hizo. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, akiwa kifungoni, na Shafi Adam Shafi akaiandika riwaya ya Haini kuhusu mateso ya kizuizini. Maandishi haya hutupa kile ambacho vipimo vya Howard havingeweza kutupa, yaani moyo wa aliyefungwa. Lakini vipimo navyo hutupa kile ambacho ushairi hauwezi kukithibitisha peke yake: ni wangapi, tangu lini, kwa kosa gani, na kwa nini bado wamo.

Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa pawepo sababu nzito. Hata hivyo, dhamana ya kiasi ambacho maskini hawezi kukilipa hukumbusha sana ada ya bwana jela wa Bedford. Mlango ni ule ule, na ufunguo wake bado ni fedha. Anayetaka kujua kama Katiba hiyo inatekelezwa hataijulia katika kurasa zake. Itambidi afanye kama alivyofanya sherifu yule wa Bedfordshire: aondoke kizimbani pamoja na mshtakiwa, aandamane naye hadi mlangoni, na aandike anachokiona.